Uskoti Mwezi Oktoba: Hesabuni Saa za Mwanga, Si Maili

Barua zenu, majibu ya Shangazi wa Safari

Shikamoo shangazi. Mimi na mume wangu tunaishi Leeds na tuna watoto watatu, wa miaka 11, 7 na 3. Likizo ya shule ya wiki ya mwisho ya Oktoba tumeamua kukodi kampavani, gari la kulala ndani, twende Uskoti. Baba watoto ameona video za ile njia ya North Coast 500 na ameshachora ramani: Jumamosi tutoke Leeds, tuzunguke pwani yote ya kaskazini, Jumamosi ya pili turudishe gari. Mimi naogopa baridi, na mtoto mdogo bado anaamka usiku. Wenzangu kazini wananiambia kwenda huko Oktoba ni kujitesa, hakuna kitu ila mvua. Je, tuahirishe hadi kiangazi? Na kama tunakwenda, nikague nini kwenye gari lenyewe? Nimesikia pia kwamba Uskoti unaruhusiwa kulala popote bila kuulizwa. Ni kweli?
— *Mama Watatu, Leeds*

Marahaba, mwanangu. Nendeni. Mimi naishi Perth, na ukinipa Agosti na Oktoba nichague, nachukua Oktoba bila kusita. Watalii wamepungua, usubi umekwisha, bei ya kukodi gari haiko juu kama ya Julai na Agosti, na milima imegeuka rangi kuanzia chini mabondeni hadi nusu ya kilele.

Hao wa kazini wasikukatishe tamaa. Mvua ipo, siwezi kukuficha, ila Uskoti hainyeshi sawasawa kila mahali. Upepo unatoka bahari ya Atlantiki, unagonga milima ya magharibi na kumwaga maji yake huko, na ukifika mashariki umeshapungukiwa. Siku ambayo Fort William, kule magharibi, wamelowa hadi mifupani, mara nyingi Dunkeld, upande wa mashariki, kuna kianga. Hiyo ni sababu ya kwanza ya kukuombeni muiweke kando ramani ya baba watoto.

Sababu ya pili, na ndiyo kubwa, ni mwanga. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja, na itawakuta mkiwa njiani. Kuanzia siku hiyo, huko Inverness jua linachomoza kama saa 1 na robo asubuhi na kuzama baada ya saa 10 na nusu jioni. Mmebakiwa na saa tisa na kitu. Mwezi Juni zingekuwa karibu 18. Sasa katika hizo tisa toeni chai ya asubuhi, kuvisha watoto watatu nguo za tabaka tatu, kukunja vitanda, kumwaga maji machafu, kujaza masafi. Zimebaki sita hivi za kuishi.

North Coast 500 ina maili 516, kuanzia Inverness na kurudi Inverness. Leeds hadi Inverness ni kama maili 350, na nyingine kama hizo za kurudi. Jumla mnapita 1,200. Upande wa magharibi wa mzunguko ule una vipande virefu vya barabara ya upana wa gari moja, ambamo maili 25 zinaweza kula saa nzima. Hapo ndipo Bealach na Bà ilipo, barabara ya kwenda Applecross inayopanda hadi mita 626 kwa kona za kujirudia. Chini yake kuna kibao kinachowaonya wenye magari makubwa na wanaojifunza kuendesha wasiipande. Mkizunguka njia hiyo kwa wiki moja mwishoni mwa Oktoba, zile saa sita zote zitaishia barabarani. Watoto wataiona Uskoti kupitia kioo chenye matone, na baba yao hataiona kabisa maana macho yake yatakuwa kwenye lami. Mwambie sijaikataa North Coast 500. Aiweke Mei au mwanzo wa Juni, kwa wiki mbili.

Nakupa ramani yangu badala yake. Jumamosi msilazimishe kwenda mbali, maana kukabidhiwa gari na kuonyeshwa kila kitufe huchukua muda kuliko mnavyodhani. Laleni Moffat, mji mdogo kando ya barabara kuu ya A74(M) mkishavuka mpaka. Jumapili mpite Stirling mwende Dunkeld, na hapo mkae. Nasema mkae: msilale usiku mmoja na kuondoka. Ukiacha usiku wa kwanza na wa mwisho, kila mnapolala laleni angalau usiku mbili, ili iwepo siku nzima ambayo hakuna anayekunja kitanda.

Perthshire, jimbo ilipo Dunkeld, ndiyo nchi ya miti. Karibu na Dunkeld pana msitu uitwao The Hermitage, chini ya uangalizi wa National Trust for Scotland, wenye misonobari ya Douglas iliyo miongoni mwa miti mirefu kuliko yote Uingereza. Njia ni fupi, hata huyo wa miaka mitatu anaimudu akiwa na mabuti ya mpira. Mnafuata mto Braan hadi kwenye maporomoko, na hapo msiwe na haraka. Msimu huu samoni wanapanda mito kutoka baharini kwenda kutaga, na mto ukiwa umejaa kidogo utawaona wakirusha miili yao juu ya maji meupe, wanashindwa, wanarudi, wanajaribu tena. Nimewahi kuona watoto wasiojuana wakipiga kelele pamoja kila samaki alipojitupa. Washikeni mikono tu, mawe yale yanateleza.

Kaskazini kidogo, Pitlochry, kuna bwawa la umeme lenye ngazi ya samaki: vyumba 34 vya maji vilivyopangwa kama vidato ili samoni waweze kulipita bwawa. Mwenye miaka 11 atapenda kujua jinsi ilivyojengwa. Halafu Killiecrankie, bonde jembamba lenye mto chini na majani ya dhahabu juu, na kule Queen's View mtaona ziwa la Tummel lote mbele yenu. Siku ya mvua nendeni Killiecrankie hivyo hivyo. Majani yaliyolowa yana rangi kali kuliko makavu.

Jumatano shikeni barabara ya A9 kwenda Aviemore, chini ya maili 60 kutoka Pitlochry. Barabara hiyo ina kamera zinazopima mwendo wa wastani kuanzia Dunblane hadi Inverness, na inabadilikabadilika: mara njia mbili kila upande, mara moja. Anayekuja nyuma akiwa na haraka, mwache apite kwenye kipande cha njia mbili. Mkifika nendeni Glenmore, chini ya milima ya Cairngorm. Ziwa la Loch Morlich lina ufuo wa mchanga kabisa, na huko juu kuna kundi la kulungu wa nchi za baridi kali (reindeer), wale ambao hata majike wana pembe. Waliletwa mwaka 1952 na Mikel Utsi, mfugaji Msami kutoka Sweden, na kundi hilo lipo hadi leo. Uliza mapema siku za kupanda mlimani kuwaona, maana hali ya hewa ndiyo inayoamua.

Jambo moja la Oktoba ambalo picha haiwezi kukuletea: madume ya kulungu wekundu wanagombania majike, na wananguruma. Jioni zimeni kila kitu, fungueni kidirisha, msikilize. Huyo wa miaka saba mwambie kabla, asije akaogopa. Lakini kulungu hao hao ndio hatari ya barabarani asubuhi na jioni. Akivuka mmoja punguzeni mwendo, maana wa pili na wa tatu wako nyuma yake kwenye vichaka. Hii ni sababu nyingine ya kuwa mmeshaegesha kabla giza halijaingia.

Ijumaa mshuke taratibu hadi karibu na mpaka, Jumamosi mrudishe gari.

Sasa gari lenyewe. Kabla ya kutazama mapazia na makochi, uliza mikanda ni mingapi. Kitanda si mkanda. Yako magari yanayotangazwa kuwa ya watu watano kwa hesabu ya vitanda, na viti vyenye mikanda ni vinne. Sheria inamtaka mtoto awe kwenye kiti cha mtoto hadi atimize miaka 12 au afikie sentimita 135, lolote litakalotangulia, kwa hiyo hata mkubwa wenu mpimeni. Na kiti cha mtoto hakifungwi kwenye kochi linalotazama ubavuni. Nendeni na viti vyenu mkavijaribu kabla ya kulipa.

Kisha joto. Unataka hita inayofanya kazi injini ikiwa imezimwa, ya dizeli au ya gesi, na unataka mwenye gari aiwashe mbele yako. Kama ni ya gesi, mtungi uwe wa propani, ambao Uingereza kwa kawaida ni mwekundu. Butani, ule wa bluu, huacha kugeuka mvuke joto likifika karibu na nyuzi sifuri, na usiku wa mwisho wa Oktoba kule Glenmore unaweza kufika hapo. Mtungi utakuwa umejaa na jiko haliwaki.

Chukueni nafasi za kambi zenye umeme, na huyo mdogo anayeamka usiku ndiye sababu. Ila umeme wa kambini una kikomo, pengine ampea 10 tu. Birika la nyumbani la kilowati 3 linavuta 13, na likiwashwa mnazimikiwa na taa na hita kwa pamoja. Bebeni birika dogo la safari au lile la kuweka kwenye gesi. Mume wangu akiegesha tu, kwanza anachemsha maji anajaza chupa ya chai, ndipo anapotoka kuunganisha waya. Watoto wanaotoka kwenye mvua wanakuta kitu cha moto mkononi.

Hili naomba ulisome mara mbili. Jiko la gesi si hita. Usiliache linawaka ili gari lipate joto, na jiko la mkaa lisiingie ndani hata likionekana limezimika, maana makaa huendelea kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi inayoua watu wakiwa usingizini. Hakikisha gari lina king'ora cha gesi hiyo na ukibonyeze kisikike. Kama hakipo, nunua chako, ni kidogo na kinaingia mfukoni.

Watu watano wakilala ndani ya gari, asubuhi vioo vyote vinatiririka maji. Acheni tundu la juu wazi kidogo usiku kucha, hata kama mnaona baridi. Nguo zilizolowa zisilale mlipolala ninyi. Kambi nyingi zina chumba cha kukaushia au mashine.

Ama kulala popote, ulichosikia ni nusu. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa mtu haki ya kutembea na kupiga hema kwenye sehemu kubwa ya nchi, mradi awe mstaarabu. Haki hiyo haihusu gari. Mwenye kampavani anahitaji ruhusa ya mwenye eneo. Kuna maegesho yanayoruhusu usiku mmoja, yakiwemo baadhi ya yale ya Forestry and Land Scotland kwa magari yenye choo chao ndani, lakini someni kibao cha pale pale. Hata Hifadhi ya Loch Lomond na Trossachs, inayotaka kibali cha kulala kwenye baadhi ya kingo za maziwa kuanzia 1 Machi hadi 30 Septemba, Oktoba haitaki kibali hicho, lakini bado hairuhusu kuziba geti la mtu. Na tanki la choo linamwagwa sehemu yake maalumu kambini. Si kichakani, si mtoni. Wenyeji wa Highlands, nyanda za milima za kaskazini, wamechoshwa na hilo na wana haki ya kuchoka.

Kwa familia yenye mtoto mdogo, kambi ndiyo jibu. Piga simu kabla, maana nyingi hufunga mwisho wa Septemba au Oktoba. Na nyama ya halali, kama mnaihitaji, nunueni ya wiki nzima Leeds au mkipita Glasgow. Huko juu maduka yake ni ya kutafuta.

Umeniuliza kuhusu baridi, hukuuliza kuhusu giza, nami naliona ndilo zuri kuliko yote. Saa 11 jioni giza linaingia. Watoto wamechoka, wameshiba, na hakuna pa kwenda. Nyumbani kila mmoja angekuwa chumbani kwake na skrini yake. Ndani ya kampavani mko kwenye meza moja, na karata zinatoka, na hadithi zinatoka, na mkubwa wenu wa miaka 11 anayeanza kuwa mkimya atazungumza. Nimeliona hili kwa wajukuu zangu wanaokuja kutoka Birmingham. Kama anga ni safi, vaeni makoti mtoke nje na kuzima tochi. Upande wa Tomintoul na Glenlivet, ndani ya hifadhi ya Cairngorms, ni eneo lililotambuliwa tangu 2018 kwa giza lake la usiku, na ule mkanda mweupe wa nyota uitwao Milky Way unaonekana wazi. Mkibahatika, upande wa kaskazini mtaona na zile taa za kijani za ncha ya dunia.

Upepo tu ndio msibishane nao. Met Office, idara ya hali ya hewa, wakitoa onyo la manjano, endesheni kwa uangalifu na muepuke madaraja makubwa. Likiwa la kaharabu (amber), ambalo ni kali zaidi, kaeni kambini. Gari refu na jepesi linasukumwa.

Habari za kazi, shangazi. Natoka Mombasa, nakuja Aberdeen kwa kaka yangu Oktoba hii. Amekodi kampavani na anataka tupokezane usukani. Leseni yangu ya Kenya inatosha?
— *Mdogo Mtu*

Nzuri, kijana wangu. Mgeni anaruhusiwa kuendesha kwa leseni ya kwao hadi miezi 12, kwa gari lisilozidi tani 3.5, na kampavani nyingi ziko ndani ya kikomo hicho. Mwulize kaka yako uzito ulioandikwa kwenye karatasi za gari. Kinachoweza kukukwamisha ni bima: wakodishaji wengi wana umri wa chini na miaka ya chini ya kuwa na leseni, na jina lako lazima liandikwe kabla hujagusa usukani.

Kushoto ni kule kule kwenu. Kigeni kwako kitakuwa zile barabara za gari moja. Kila baada ya hatua kadhaa kuna sehemu ya kupishana yenye kibao cheupe. Ikiwa upande wako wa kushoto, ingia usubiri. Ikiwa upande wa kulia, usivuke. Simama usawa wake, mwenzio ndiye ataingia. Zinatumika pia kumwacha wa nyuma apite, na huyo wa nyuma anaweza kuwa muuguzi anayewahi zamu, kwa hiyo mtazame kwenye kioo mara kwa mara. Kupaki hapo ili upige picha hapana, hata dakika moja. Ukipishwa, inua mkono. Huko kila mtu huinua.

Shangazi, mke wangu hataki kusikia Uskoti kwa sababu ya usubi. Tunapanga katikati ya Oktoba na binti yetu wa miaka 5. Nimwambie nini?
— *Baba Binti, Coventry*

Mwambie usubi wa Highlands ni wa Mei hadi Septemba. Katikati ya Oktoba baridi imeshaumaliza. Kupe ndio bado wapo, hasa kwenye nyasi ndefu na majani makavu penye kulungu, na baadhi yao hubeba ugonjwa wa Lyme. Suruali iingie ndani ya soksi. Jioni, mkimbadilisha mtoto nguo, kagueni nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni na kwenye nywele. Mkimkuta kupe, mshikeni karibu kabisa na ngozi kwa kibano chembamba au kile kidude cha kulabu kinachouzwa famasi, mvuteni taratibu juu bila kumponda. Msimpake mafuta wala kumchoma moto. Wekeni tarehe kwenye simu, na ukitokea wekundu unaotanuka kwenye ngozi, hata wiki kadhaa baadaye, nendeni kwa daktari mkamwambie mlikuwa Uskoti.

Shikamoo. Tunatamani kisiwa, siku nne tu, mwisho wa Oktoba. Skye au Mull? Sisi ni wawili na mtoto mchanga.
— *Wapya Barabarani, Glasgow*

Marahaba wanangu, na hongereni kwa mtoto. Kwa siku nne, Skye. Mnaingia kwa daraja lililofunguliwa 1995 na halina malipo tangu 2004, kwa hiyo hamtegemei kivuko, ingawa upepo mkali unaweza kulifunga kwa magari marefu. Mull mnakwenda kwa feri ya kampuni ya CalMac, na mwisho wa Oktoba ratiba yao hubadilika kuwa ya baridi, safari hupungua, na bahari ikichafuka zinafutwa. Na mtoto mchanga sipendi mkwame gatini.

Mkiamua Mull hata hivyo, wekeni nafasi ya gari mapema na mpime urefu wake wote kwa futi ya mkononi, pamoja na ile rafu ya baiskeli ya nyuma. Wanawatoza kwa urefu, na mkitaja pungufu mnaweza kuachwa nyuma.